Mbwa Wadogo Kupita Kiasi: Kutambua Dalili, Kutafuta Chanzo na Kujua la Kufanya

Mbwa mzima asiyefikisha kilo mbili ana ini, moyo, mifupa na meno sawa na mbwa wa kilo thelathini, ila mwili wake hauna nafasi ya kuvumilia makosa. Hana akiba ya mafuta ya kumvusha usiku wa baridi, hana mfupa mnene wa kuhimili kuanguka kutoka kwenye kochi, na dawa ikizidi tone moja, kwake si jambo dogo. Mwongozo huu ni wa mtu anayefuga Chihuahua, Yorkshire Terrier, Pomeranian au Maltese, na wa yule anayefikiria kuwazalisha. Nimeupanga kwa kufuata dalili, kwa kuwa hivyo ndivyo shida inavyomfikia mwenye mbwa: hakuna anayeamka na kusema kwamba mbwa wake ana hitilafu ya mshipa wa ini, husema amemkuta kajikunja pembeni na hataki kusimama.

Kwa kila dalili ni vema kujiuliza maswali mawili kwa pamoja. Je, chanzo kiko katika malezi, yaani chakula, joto, mkanda wa kumfungia na dawa, mambo ambayo mfugaji anaweza kuyarekebisha leo hii? Au kiko katika uzazi, yaani katika wazazi waliochaguliwa kabla mbwa huyu hajazaliwa? Ikiwa ni malezi, kasoro ikirekebishwa mapema mbwa huendelea na maisha yake. Ikiwa ni uzazi, mbwa atatibiwa na atatunzwa, lakini hapaswi kuzaa. Nasisitiza jambo hili mapema kwa sababu baadhi ya mambo yanayowavutia wanunuzi wa mbwa hawa, kama vile kichwa cha mviringo, macho makubwa, kutetemeka, na utulivu wa kukaa kiganjani bila kufurukuta, ndiyo hayo hayo ambayo daktari wa mifugo angetaka kuyachunguza kwanza.

Mtoto wa mbwa ni mdogo mno kwa umri uliotajwa

Matangazo ya biashara huwaita watoto hawa "mbwa wa kikombe cha chai", kana kwamba ni jamii ya peke yake. Hakuna chama kikubwa cha mbwa kinachoitambua jamii hiyo: si Kennel Club ya Uingereza, si American Kennel Club, wala FCI, ambalo ni shirikisho la kimataifa. Kwa kiwango cha FCI, uzito unaofaa wa Chihuahua mzima ni kati ya kilo 1.5 na kilo 3; kwa Wamarekani asizidi paundi 6, ambazo ni kama kilo 2.7, na Yorkshire Terrier asizidi kilo 3.2. Chihuahua ni mdogo tayari kwa kiwango chake halali, wala hahitaji kupunguzwa zaidi. Mtoto anayeuzwa kwa ahadi kwamba akikua hatafikisha kilo moja, ama ametokana na wazazi wadogo kupita kiasi, ama ni yule mnyonge wa uzao, ama umri wake umedanganywa.

Anza na umri, kwa kuwa ndio rahisi kuuhakiki. Mfungue mdomo. Meno ya maziwa huanza kutokeza kwenye wiki ya tatu, na kufikia wiki ya nane kwa kawaida yote 28 yameshaonekana, ingawa katika jamii ndogo yanaweza kuchelewa kidogo. Mtoto anayesemekana kuwa na wiki nane, lakini nyuma ya chonge zake kuna fizi tupu, huenda ana wiki nne au tano tu. Huyo ametenganishwa na mama yake mapema, hajajifunza kula vizuri, na udogo uliomvutia mnunuzi ni utoto wake tu. Kwa sababu hii ni muhimu kumwona mama akiwa na watoto wake mahali walipozaliwa. Uingereza walifikia hatua ya kutunga sheria: tangu Aprili 2020, kwa ile inayoitwa Sheria ya Lucy, ni marufuku nchini England mfanyabiashara kumuuza mtoto wa mbwa wa chini ya miezi sita ambaye hakuzalishwa na yeye mwenyewe. Mahali pasipo na sheria kama hiyo, mnunuzi ajiwekee sharti hilo yeye mwenyewe.

Ikiwa umri ni wa kweli, shuku minyoo. Minyoo mviringo hupita kutoka kwa mama kwenda kwa watoto wakiwa bado tumboni na baadaye kupitia maziwa, ndiyo maana dawa ya minyoo huanza kutolewa mtoto akiwa na wiki mbili, kisha kila baada ya wiki mbili. Mtoto mwenye minyoo ana tumbo lililovimba, mbavu zinazohesabika na manyoya yasiyong'aa. Hili hutibika vizuri.

Lakini akiwa amepewa dawa, anakula, na bado ndugu zake wanamwacha nyuma kila wiki, fikiria ini. Baadhi ya watoto huzaliwa na mshipa wa damu unaolikwepa ini, hivyo damu inayotoka matumboni hupita bila kusafishwa, na amonia pamoja na taka nyingine hufika kwenye ubongo. Yorkshire Terrier na Maltese ni miongoni mwa jamii zinazopatwa na hitilafu hii mara nyingi zaidi. Mtoto huwa mnyonge, hadumu kwenye mchezo, na saa moja au mbili baada ya kula huonekana amepotea: anazungukazunguka, anasukuma kichwa ukutani, anatokwa na mate. Daktari hupima asidi za nyongo kwenye damu kabla ya mlo na saa mbili baada ya mlo. Tatizo likithibitishwa, upasuaji unaweza kuuziba mshipa huo polepole, na wengi hupata nafuu kubwa. Inanisikitisha kwamba mtoto wa namna hii mara nyingi ndiye huuzwa kwa bei ya juu kuliko ndugu zake, kwa sababu tu ni mdogo kuwazidi.

Amelegea, anayumba, anatetemeka au ameshikwa na degedege

Hii ndiyo dharura ya kwanza ambayo mwenye mbwa mdogo anapaswa kuijua, kwa kuwa inaua kwa saa chache na inaweza kuzuiwa kwa vitu vilivyomo jikoni. Ini la mtoto wa nusu kilo huhifadhi sukari kidogo sana, misuli yake haina akiba, na ubongo wake unahitaji sukari muda wote. Akikosa mlo mmoja, akipigwa na baridi, akiharisha au akisafirishwa kutwa nzima, sukari ya damu hushuka. Hatari ni kubwa zaidi kabla ya kufikisha miezi mitatu au minne, ingawa mbwa mzima aliye mdogo kupita kiasi naye anaweza kupatwa.

Mara nyingi hutokea alfajiri. Mtoto aliyecheza vizuri jana haji kwenye bakuli. Ukimwinua, kichwa kinaning'inia na masikio ni ya baridi. Fizi zimepauka, miguu ya nyuma inakwenda upande, macho yako wazi lakini hayamfuati mtu. Baada ya hapo misuli ya uso huanza kucheza, kisha degedege hufuata.

Chovya ncha ya kidole kwenye asali, au kwenye glukosi ya unga iliyokorogwa kwa maji kidogo, upake kwenye fizi na ndani ya shavu. Usimmiminie kitu kinywani, kwa kuwa asiyeweza kumeza atakivuta kiingie mapafuni. Akiwa katika degedege usipitishe kidole katikati ya meno; inua mdomo wa juu upake kwenye fizi kwa nje. Mfunike, umweke karibu na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa taulo. Akizinduka, ambako kwa kawaida huchukua dakika chache, mpe papo hapo chakula laini chenye nyama, kwa sababu asali huisha haraka mwilini na anaweza kuanguka tena. Kisha afike kwa daktari siku hiyo hiyo, hata kama anaonekana mzima. Kipimo cha sukari kilicho chini ya miligramu 60 kwa desilita moja ya damu huthibitisha tatizo. Tahadhari moja: vitu visivyo na sukari ya kawaida, vilivyotiwa utamu kwa ksailitoli, visitumike kamwe, kwa kuwa ksailitoli huishusha sukari ya mbwa na kuliharibu ini lake.

Ili kutofautisha chanzo, angalia saa ya tukio. Likitokea kabla ya kula, hasa asubuhi, hiyo ni njaa, na dawa yake ni ratiba ya chakula. Likitokea baada ya kula, rudi kwenye habari ya mshipa wa ini. Likijirudia bila mpangilio kwa mbwa aliyevuka miezi sita na anayekula vizuri, vipimo vya damu visicheleweshwe. Na ikiwa mbwa anatetemeka lakini anakuja ukimwita, anatikisa mkia na anakula, huyo huenda anasikia baridi au amesisimka tu. Mwili mdogo hupoteza joto haraka, na kitanda kilichoinuliwa kutoka kwenye sakafu ya saruji kitamsaidia.

Kuhusu ratiba, mtoto wa chini ya miezi minne ale mara nne hadi sita kwa siku, mlo wa mwisho ukiwa muda mfupi kabla ya kulala. Mbwa wa kilo moja aliyetulia anahitaji takriban kalori 70 kwa siku, wakati mbwa wa kilo 30 anahitaji karibu kalori 900, yaani 30 tu kwa kila kilo. Mdogo anakula zaidi ya mara mbili kwa uzito wake, na tumbo lake halizidi ukubwa wa yai. Ugali uliolainishwa kwa mchuzi utamjaza upesi na kumwacha na upungufu wa protini na mafuta. Apewe chakula kamili cha watoto wa mbwa chenye punje ndogo, kikiloweshwa.

Kichwa cha mviringo kupita kiasi, macho yanayotazama chini na pembeni

Mwaka 1943 Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama, alieleza jinsi paji pana, macho makubwa na pua fupi vinavyoamsha ndani ya binadamu hamu ya kulea. Wazalishaji wa mbwa wadogo wamezichagua alama hizo kizazi baada ya kizazi, na kwa Chihuahua zimefikia mahali ambapo fuvu mara nyingi halifungi kabisa utosini. Hata viwango vinapingana: kile cha Marekani kinakubali utosi ulio wazi, kile cha FCI kinamwondoa mbwa wa namna hiyo mashindanoni. Kwa maoni yangu FCI wana haki.

Utosi ulio wazi peke yake si ugonjwa, na mbwa wengi huishi nao bila taabu, mradi tu wasigongwe hapo na watoto wafundishwe kutowapiga kichwani kwa mchezo. Wasiwasi huanza dalili nyingine zinapoungana nao: kichwa kinakua haraka kuliko mwili, macho yameelekea chini na nje, mtoto hajifunzi hata jambo jepesi, anagonga vitu, anazunguka upande mmoja, analala kupita kiasi. Hayo huashiria maji yaliyokusanyika kwenye ubongo. Utosi huo huo humsaidia daktari, kwa kuwa kipimo cha ultrasaundi kinaweza kupitishwa pale pale na kuonyesha ukubwa wa vyumba vya ubongo. Dawa hupunguza msukumo kwa muda. Upasuaji wa kuweka mrija wa kuyatoa maji upo, ila ni ghali na haupatikani kila mahali. Mtoto anayelala mkononi kwa utulivu usio wa kawaida, huku ndugu zake wakipigana na kubweka, asisifiwe kwa upole wake kabla hajapimwa.

Anakohoa kwa sauti ya bata bukini

Kikohozi kikavu, kinachofanana na mlio wa bata bukini, kinachokuja mbwa akivutwa kwa kamba, akinywa maji au akifurahi, mara nyingi hutokana na kulegea kwa bomba la hewa. Pete za gegedu zinazolishikilia hubonyea, na njia ya hewa husinyaa mbwa anapovuta pumzi. Yorkshire Terrier, Pomeranian na Chihuahua hupatwa zaidi, kwa kawaida wakiwa wameshakomaa.

Kabla ya kufikia uamuzi huo, ondoa mambo mengine matatu. Kikohozi kilichoanza ghafla siku chache baada ya kukutana na mbwa wengine kinaweza kuwa cha kuambukiza. Kile kinachokuja usiku kwa mbwa mwenye umri mkubwa, pamoja na kuhema na kuchoka, kinahitaji moyo usikilizwe, kwa kuwa vali inayovuja huukuza moyo hadi ukalisukuma bomba la hewa. Na kuna lile tukio la mbwa kusimama kanyoosha shingo akivuta hewa puani kwa mikoromo mifululizo kwa muda mfupi, kisha akaendelea na shughuli zake. Hilo hutisha kulitazama lakini kwa kawaida halina madhara.

Kwa bomba la hewa lililolegea, badala ya mkanda wa shingoni tumia wa kifuani leo hii. Punguza uzito kama amenenepa. Ondoa moshi: jiko la mkaa, uvumba, udi na dawa ya mbu ya kuwasha ndani ya chumba anacholala humzidishia. Nimeona kikohozi kikipungua kwa mambo haya matatu kabla hata ya dawa. Fizi na ulimi vikigeuka rangi ya bluu, hiyo ni dharura.

Anarukaruka kwa miguu mitatu, au hakanyagi kabisa

Mtazame akikimbia ukiwa upande wake. Kama anakimbia vizuri, kisha ghafla anaukunja mguu mmoja wa nyuma kwa hatua mbili tatu, anaunyoosha nyuma, na kuendelea bila kulia, pia ya goti imetoka kwenye mfereji wake na kurudi. Madaktari huipanga hali hii kwa madaraja manne, kuanzia pia inayotoka ikisukumwa hadi ile isiyorudi kabisa. Madaraja ya chini huhitaji uzito mdogo, misuli imara na sakafu isiyoteleza. Ya juu huhitaji upasuaji. Ni hitilafu ya kurithi kwa kiasi kikubwa, na mzazi mwenye nayo huigawa kwa watoto wake.

Kuchechemea kusikokatika, kwa mbwa mchanga wa miezi minne hadi kumi na mmoja, huku paja la mguu huo likisinyaa, kunaelekeza kwenye kichwa cha mfupa wa paja kinachokosa damu na kufa. Picha ya eksirei huonyesha wazi, na upasuaji wa kukiondoa kichwa hicho humrudishia mbwa mwendo mzuri.

Mguu wa mbele usiokanyagwa kabisa baada ya kuruka kutoka mikononi au kitandani ni mfupa uliovunjika hadi itakapothibitishwa vinginevyo. Mifupa miwili iliyo juu ya kiganja cha mbwa mdogo ni myembamba, na sehemu ile hupata damu kidogo, ndiyo maana plasta peke yake mara nyingi hushindwa kuuunganisha mfupa na daktari hushauri bamba la chuma. Mbebe ukiwa umekaa, hasa kama anayembeba ni mtoto.

Kinywa kinanuka, meno yamepangana mawili mawili

Kati ya miezi minne na saba meno 28 ya maziwa hupisha 42 ya kudumu. Kwa mbwa wadogo chonge za maziwa mara nyingi hugoma kutoka, chakula hunasa kati ya chonge mbili, na fizi huanza kuoza mapema. Chonge ya maziwa iliyobaki wakati ya kudumu imeshatoka ing'olewe na daktari chini ya dawa ya usingizi, kamwe si kwa koleo nyumbani, kwa kuwa mzizi wake ni mrefu na huvunjika. Mkumbushe daktari kwamba mtoto wa kilo moja hapaswi kunyimwa chakula usiku kucha kabla ya usingizi huo. Saa chache zinatosha, vinginevyo sukari itashuka akiwa mezani.

Ameharibika baada ya kupewa dawa

Katika nchi zetu dawa za mifugo hununuliwa dukani bila cheti, na hapa ndipo mbwa wadogo wanapoumizwa na watu wenye nia njema. Ivermektini, dawa ya minyoo na wadudu, ile ya sindano ya ng'ombe ya asilimia 1, ina miligramu 10 katika kila mililita. Dozi ya kumkinga mbwa na minyoo ya moyo ni maikrogramu 6 kwa kilo, kwa hiyo mbwa wa kilo 1.5 anahitaji maikrogramu 9. Sehemu moja ya kumi ya mililita ya dawa ile, ambayo kwenye bomba la sindano inaonekana si chochote, ina maikrogramu 1,000, yaani zaidi ya mara mia moja. Kuyumba, mboni za macho kutanuka, kutokwa na mate, upofu na kuzimia saa chache baada ya "sindano ya kupe" ni sumu. Mbwa apelekwe hospitali na chupa ya dawa ichukuliwe. Dawa ya kuogeshea yenye amitrazi nayo isitumike kwa Chihuahua, kwa kuwa huwadhuru kwa urahisi.

Chanjo ni habari tofauti. Dozi yake haipimwi kwa uzito, na kuigawa nusu humwacha mbwa bila kinga. Ni kweli kwamba mbwa wadogo huvimba uso au kutapika baada ya chanjo mara nyingi zaidi kuliko wakubwa, hasa wakidungwa kadhaa siku moja. Suluhisho ni kuzitenganisha kwa wiki chache na kukaa kituoni nusu saa baada ya kila moja. Chanjo ya kichaa cha mbwa haiachwi.

Jike anasukuma na mtoto hatoki

Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63. Jike mdogo mara nyingi hubeba mtoto mmoja hadi watatu, na uchache huo ndio unaoleta balaa, kwa kuwa mtoto wa pekee hunenepa kuliko nyonga za mama yake, na kichwa cha mviringo kinachosifiwa ndicho kinachokwama. Picha ya eksirei baada ya siku ya 55 huonyesha idadi ya watoto na ukubwa wa vichwa, na humpa daktari nafasi ya kupanga upasuaji mchana badala ya kuitwa usiku wa manane. Asiyekuwa na fedha za upasuaji mkononi asimpandishe jike huyu.

Kuanzia siku ya 58 pima joto mara mbili kwa siku. Likishuka chini ya nyuzi 37.2, uchungu huanza ndani ya saa 24. Piga simu kwa daktari ikiwa saa hizo zimepita na hakuna kinachoendelea. Ikiwa amesukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutokea. Ikiwa majimaji ya kijani yametoka kabla ya mtoto wa kwanza, maana yake kondo limeanza kubanduka. Au ikiwa saa mbili zimepita kati ya mtoto na mtoto na unajua bado kuna mwingine. Usimvute mtoto kwa nguvu. Usimdunge dawa ya kuongeza uchungu uliyopewa na rafiki, kwa sababu mfuko wa uzazi unaosukuma mtoto asiyeweza kupita unaweza kupasuka.

Hatari nyingine huja baadaye, kwa kawaida kati ya wiki ya kwanza na ya nne ya kunyonyesha. Mama anahema bila joto la hewa, anahangaika, anatembea kwa miguu iliyokakamaa, kisha anatetemeka mwili mzima na joto lake linapanda. Kalsiamu yake imemalizwa na maziwa. Watoto watenganishwe naye mara moja na afikishwe hospitali kwa dripu ya kalsiamu itakayotolewa polepole huku moyo ukisikilizwa. Wengi hudhani kinga yake ni kumpa kalsiamu wakati wa mimba, kumbe kufanya hivyo huulegeza mfumo wa mwili unaotoa kalsiamu kwenye mifupa, na kuiongeza hatari yenyewe.

Watoto wachanga wanalia na hawaongezeki

Mtoto wa Chihuahua huzaliwa na gramu mia hivi. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja ni kifaa muhimu kuliko vyote katika chumba cha uzazi; kila asubuhi kila mmoja apimwe, na uzito uandikwe. Aongezeke kwa asilimia 5 hadi 10 kwa siku. Asiyeongezeka kwa saa 24 anyonyeshwe wa kwanza, kwenye chuchu za nyuma zenye maziwa mengi, au aongezewe maziwa maalumu ya watoto wa mbwa.

Ila kabla ya kumlisha mguse. Mtoto mchanga hawezi kujipasha joto, na katika wiki ya kwanza mwili wake huwa na nyuzi 35 hadi 37 tu. Akiwa wa baridi utumbo wake husimama; maziwa yatakaa tumboni yakichacha au yatapanda na kuingia mapafuni. Apashwe kwanza, taratibu, akiwa kifuani mwa mtu au karibu na chupa ya maji ya uvuguvugu, ndipo alishwe. Sehemu wanapolala iwe na nyuzi 29 hadi 32 wiki ya kwanza, na iwepo kona isiyo na joto ambako mama anaweza kujiondokea.

Kila uzao unaleta shida ileile

Hapa dalili si ya mbwa mmoja tena, bali ya mpango mzima wa uzalishaji. Udogo wenyewe si laana. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba tofauti moja kwenye jeni inayoitwa IGF1 inachangia sana udogo wa mbwa wa jamii zote ndogo, na mwaka 2022 ikaonekana kwamba tofauti hiyo ilikuwepo kwa mbwa mwitu wa zaidi ya miaka 50,000 iliyopita. Pomeranian walikuwa wakubwa kuliko wa leo hadi karne ya 19. Malkia Victoria alipoleta kutoka Florence mwaka 1888 Pomeranian wadogo na kuwaonyesha mashindanoni, wadogo ndio wakatafutwa. Mbwa mdogo mwenye afya amewezekana, na yupo. Kinachovunja ni haraka: kumpandisha mnyonge wa uzao kwa mnyonge mwingine, mara nyingi ndugu yake, ili kupata picha ya mtoto anayekaa kiganjani. Chihuahua aitwaye Pearl, aliyetajwa na kitabu cha rekodi cha Guinness kuwa mbwa mfupi kuliko wote walio hai, ana sentimita 9.14 na gramu 553. Kumshangaa ni sawa, kumfanya kipimo cha uzalishaji ni kosa.

Wazalishaji makini humchagua jike aliye upande wa juu wa uzito wa kiwango na dume mdogo kuliko yeye. Wote wawili wawe wamepimwa magoti wakiwa na mwaka mmoja au zaidi, mioyo imesikilizwa, na hawajawahi kuwa na degedege wala kikohozi cha bata bukini. Rangi ya madoadoa iitwayo merle ichunguzwe kwa makini: wazazi wawili wenye nayo wanaweza kuzaa viziwi na vipofu, na FCI haiikubali kabisa kwa Chihuahua. Uzao mmoja ukitoa mtoto mwenye mshipa wa ini, jozi hiyo isirudiwe.

Na jike asiyefikisha kilo mbili, hata awe mzuri namna gani, asipandishwe. Huyo ahasiwe katika umri ambao daktari ataona unafaa, na kama chonge za maziwa bado zipo, zing'olewe katika usingizi huo huo.